Mvua ya Mawe Juu ya Mapaa ya Kigali

Lugha yetu ya Kiswahili ilizaliwa mwambao, mahali ambapo barafu haidondoki kutoka angani ila kwa nadra kubwa, na kwa hiyo isitushangaze kwamba haikujitungia neno moja mahususi kwa jambo hili. Twasema "mvua ya mawe", yaani tumelichukua neno la mvua na neno la mawe tukayaunga pamoja, na mambo yakaishia hapo. Wanafunzi wetu wa hapa Kigali, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kinyarwanda, wana maneno mawili: urubura na amahindu. Katika kazi yetu ya kufundisha tumeona mara nyingi kwamba mwanafunzi akikutana na "mvua ya mawe" kwa mara ya kwanza hucheka, akidhani kwamba ni changarawe zinazomwagwa kutoka mbinguni. Akiisha kuelezwa maana yake hukumbuka paa la nyumba ya wazazi wake, na kicheko humtoka.

Kuna na suala la kitenzi. Kinyarwanda husema kwamba mvua imeanguka, na wanafunzi huihamisha kauli hiyo katika Kiswahili bila kusita: "Jana mvua imeanguka sana." Nasi, kama ipasavyo, husahihisha: mvua hunyesha. Lakini inapokuwa mvua ya mawe, mkono wenye kalamu nyekundu husita kidogo, maana mawe hayo kwa hakika yanaanguka, tena yanaanguka kwa kishindo ambacho neno "kunyesha" halikitoshi. Tumekubaliana darasani kwamba mvua ya mawe hunyesha na mawe yake huanguka, na hadi leo hakuna aliyelalamika.

Hata hivyo kusudi letu katika kurasa hizi si sarufi. Twataka kuzungumza juu ya nyumba na mali, na jinsi mtu anayekaa katika jiji la milima awezavyo kuvihifadhi mawe hayo yanapokuja. Walimu wengi wasomao taarifa hii wanaishi mahali pa joto na huenda hawajapata kuliona jambo lenyewe. Wengine wanaishi Kericho, Mbeya, Bukavu au Kabale, na hao watatuvumilia tukiyarudia wayajuayo.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini Kigali hupata mawe ambayo Mombasa haiyapati. Ndani ya wingu kubwa la radi mna upepo upandao kwa nguvu nyingi. Upepo huo hubeba matone ya maji hadi juu sana, penye baridi kali, na huko matone mengi hubaki maji ingawa baridi imekwisha kupita kipimo cha kugandisha. Yakigusana na chembe ya barafu, hugandia juu yake papo hapo. Chembe hiyo hukua tabaka juu ya tabaka, hata ukilipasua jiwe kubwa waweza kuziona tabaka zake mithili ya kitunguu. Upepo ukishindwa kulibeba, jiwe huanza safari ya kushuka. Sasa, katika nchi zetu za tropiki, kimo ambacho hewa hufikia sifuri ni kati ya mita 4,500 na 5,000 juu ya usawa wa bahari. Jiwe liangukalo juu ya Mombasa au Dar es Salaam halina budi kupita mita hizo zote katika hewa ya joto, na aghalabu huwasili likiwa tone la maji baridi tu. Kigali iko kwenye mita zipatazo 1,500. Mlima Kigali wakaribia mita 1,850, na Mlima Jali wapita 2,000. Ni kama kusema kwamba theluthi nzima ya safari imeondolewa. Jiwe halipewi nafasi ya kuyeyuka.

Ukubwa wa jiwe ni jambo la kuangalia sana kuliko wengi wadhanivyo. Jiwe lenye kipenyo cha sentimita 1 lina uzito usiofika nusu gramu. La sentimita 2 lina karibu gramu 4, na la sentimita 4 lina karibu gramu 30. Yaani kila kipenyo kinapoongezeka mara mbili, uzito huongezeka mara 8, na kasi nayo huzidi. Jiwe la sentimita 2 hushuka kwa mwendo upatao kilomita 70 kwa saa, ambao ni mwendo wa gari katika barabara kuu. Tarehe 14 Aprili 1986, huko Gopalganj nchini Bangladesh, yalianguka mawe yenye uzito wa karibu kilo 1, na watu 92 walipoteza maisha. Tarehe 23 Julai 2010, katika kijiji cha Vivian, jimbo la South Dakota nchini Marekani, liliokotwa jiwe lenye kipenyo cha sentimita 20. Hapa kwetu tumezoea mawe yaliyo sawa na punje za mahindi au maharage, na mara chache gololi za watoto. Twasema hivi ili msomaji asiogope kupita kiasi, lakini pia asidharau. Maana mwenye kuona punje ya mahindi hafikirii kwamba punje milioni kadhaa zikirundikana ni mzigo.

Binadamu hakukubali mara moja kwamba hawezi kulizuia wingu. Rwanda ya kale ilikuwa na abavubyi, watu waliosadikiwa kuwa na uwezo wa kuita mvua na kuizuia, nao waliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Asije mtu akadhani kwamba imani ya namna hii ilikuwa ya Waafrika peke yao. Mwaka 1896 Albert Stiger, mkulima wa mizabibu na meya wa mji mmoja katika Dola ya Austria ya wakati huo, alijenga mizinga yenye midomo mipana kama tarumbeta, akawa anaipigia mawingu kila radi ilipokaribia. Wataliano waliiga kwa bidii, mizinga ikawa maelfu katika mashamba yao, na mwaka 1902 wataalamu walikutana mjini Graz kulijadili jambo hilo. Majaribio rasmi yaliyofuata katika nchi hizo mbili hayakuonyesha faida yoyote, na baada ya miaka michache mizinga ilinyamaza. Kilichobaki ni hesabu ya watu walioumizwa na mizinga yenyewe.

Karibu zaidi nasi ni Kericho nchini Kenya, nchi ya majani ya chai, ambayo imesifika duniani kote kwa wingi wa siku za mvua ya mawe. Yaelezwa kwamba siku hizo huweza kupita 100 kwa mwaka. Jani la chai ni laini na ndilo mazao yenyewe, hivyo hata mawe madogo huleta hasara kubwa. Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yalijaribu maroketi yaliyolipuka ndani ya mawingu, kisha ndege zikatumika kunyunyiza chembe za ayodidi ya fedha kwa matumaini kwamba barafu ingegawanyika katika mawe mengi madogo badala ya machache makubwa. Baadaye mtafiti Russell Schnell alitoa rai ya kuvutia sana: kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza, likitimuliwa na miguu ya wachumaji na kupandishwa na upepo, lina vijidudu viwezavyo kuyagandisha maji upesi, na kwamba huenda mashamba yenyewe yanasaidia kuyaumba mawe yanayoyapiga. Watu waliobobea katika elimu ya hali ya hewa wangali wakibishana juu ya mambo haya, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani halijakubali kwamba kuna njia iliyothibitika ya kuzuia mvua ya mawe. Maoni yetu, kwa kadiri ya elimu yetu ndogo, ni kwamba fedha ya mwenye nyumba isipelekwe mbinguni. Ibaki kwenye paa.

Tulitazame paa basi. Mapaa mengi ya Kigali siku hizi ni ya mabati. Nyumba za kuezekwa kwa nyasi, ziitwazo nyakatsi, ziliondolewa nchini kote katika kampeni kubwa iliyokamilishwa mnamo mwaka 2011. Hatuna nia ya kuzililia nyakatsi, kwani zilivuja, ziliungua, na zilikaliwa na wadudu. Lakini haki ya kitu ni haki yake, na yafaa isemwe kwamba nyasi zilijua kuipokea mvua ya mawe. Jiwe lilizama ndani yake kimya. Bati halizamishi kitu. Mwalimu aliyepata kufundisha chini ya bati lisilo na dari anajua tusemalo: mawe yakianza, sauti ya mwalimu hufa, hata angepaza kiasi gani. Sisi tumejiwekea desturi ya kugeukia ubao, tukaandika sentensi moja, na wanafunzi wakaandika ya pili, na kadhalika, mpaka mawe yatakapokwisha. Baadhi ya insha nzuri kuliko zote tulizopata zilitungwa kwa namna hiyo.

Kuhusu bati lenyewe, mnunuzi aijue geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Bati la geji 30 lina unene upatao milimita 0.3, la geji 32 ni jembamba kuliko hilo, na la geji 28 ni nene zaidi. Tofauti yaonekana ndogo sana mkononi, na bei ya jembamba humvuta mtu. Lakini mawe hayatazami bei. Bati jipya, hata likiwa jembamba, mara nyingi halitoboki kwa mawe ya kwetu, hubonyea tu. Hatari yaja baadaye. Mbonyeo hukusanya maji, rangi na zinki hupasuka hapo, kutu huingia, na baada ya misimu kadhaa mahali palipobonyea panatoboka kwa jiwe dogo ambalo zamani lisingefanya kitu. Ndiyo sababu nyumba mbili zilizopigwa na mvua ile ile, moja huvuja na nyingine haivuji, na watu wakashangaa. Fundi mzuri hutazama pia umbali wa mbao zinazobeba mabati: zikiwa mbalimbali, bati hulegea katikati na kubonyea upesi. Hutazama mteremko wa paa, kwa kuwa paa lililo mwinuko hupigwa kwa upande na jiwe huteleza, ilhali paa lililo karibu na usawa hupokea pigo zima. Zaidi ya yote hutazama misumari na vifungo vya mbao kwenye ukuta. Mvua ya mawe haiji peke yake. Huja na upepo, na bati lililobonyea bado ni paa, lakini bati lililong'olewa ni hatari kwa mtaa mzima.

Vigae vya udongo, ambavyo Kinyarwanda huviita amategura, neno linalofanana sana na tegula la Kilatini, vina sifa zake. Ni vizito na havichukuliwi na upepo kwa urahisi, wala havipigi kelele. Kwa mawe madogo havidhuriki. Kwa mawe makubwa hupasuka, na kigae kilichopasuka hakionekani mtu akiwa chini. Hivyo mwenye vigae lazima apande, au ampandishe fundi, baada ya kila dhoruba. Yale mabati ya plastiki yapitishayo mwanga, ambayo watu huyaweka jikoni na stoo, ndiyo ya kwanza kuvunjika, hasa jua likiisha kuyakausha kwa miaka mitatu au minne. Hatuoni sababu ya kuyaweka juu ya kitanda cha mtoto.

Kuna na paa la asbesto. Majengo mengi ya zamani, yakiwemo ya shule, yaliezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbesto, na serikali ya Rwanda imekuwa ikiyaondoa kwa mpango maalumu tangu mwaka 2011, kwa sababu vumbi lake likivutwa huweza kusababisha saratani. Mabati hayo yakizeeka huwa mepesi kuvunjika, na mvua ya mawe huyageuza vipande. Hapa tahadhari ni kubwa kuliko ile ya kuvuja. Mahali ambapo paa kama hilo limevunjika, watoto waondolewe, vipande visifagiliwe vikiwa vikavu, wala visivunjwevunjwe ili viingie kwenye gunia. Viachwe vikiwa vimeloa, na wataalamu waitwe. Mwalimu mwenye nia njema anayewapanga wanafunzi kusafisha ua huwapeleka penye hatari asiyoiona.

Hadi hapa tumezungumza juu ya jiwe linapopiga. Miaka tuliyokaa Nyamirambo imetufundisha kwamba pigo ndilo dogo. Mvua ya mawe hudumu dakika 10, pengine 15. Adui wa nyumba ni barafu inayobaki mawe yakiisha kunyamaza. Tutaeleza kwa mfano.

Alasiri moja ya msimu wa itumba, yaani masika ya hapa, miaka michache iliyopita, mawe yaliupiga mlima wetu mpaka ardhi ikawa nyeupe. Nyumba yetu iko katikati ya mteremko. Juu yetu ana nyumba mfanyabiashara mmoja, kijana mwenye paa pana la mabati ya rangi. Chini yetu anakaa mama mmoja mzee, mjane, katika nyumba ya matofali ya udongo mbichi, ambayo hapa huitwa rukarakara. Mawe yalipokoma, hakuna paa lililokuwa limetoboka katika nyumba zote tatu. Watoto walitoka kuokota barafu kwa mabakuli. Kisha mvua ya kawaida ikaendelea, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Michirizi ya jirani wa juu ilikuwa imejaa barafu pomoni. Msomaji na apige hesabu: mchirizi wenye upana na kina cha sentimita 10, kwa urefu wa mita 10 tu, hubeba zaidi ya kilo 50 za barafu. Vishikizo viling'oka, mchirizi ukalala upande, na maji ya paa zima, badala ya kwenda kwenye tangi, yakashuka kama mto juu ya ua wetu. Kwetu yalipita mlangoni yakatoka. Kwa mama mzee hayakutoka. Barafu iliyosukumwa na maji ilirundikana kwenye ukuta wake wa nyuma, ikayeyuka polepole usiku kucha, na ukuta wa rukarakara ukanywa maji hayo kama sifongo. Asubuhi sehemu ya chini ilikuwa imelainika hata kidole kiliingia.

Tulikutana uani kwake watu watatu, na mkuu wa umudugudu akiwa wa nne. Mfanyabiashara alizungumza kwa adabu.

"Mama, pole sana. Lakini maji haya ni ya mvua, si yangu."

Mama mzee alimtazama kwa muda. "Mwanangu, yakiwa juu ni ya Mungu. Yakiisha kupita kwenye bati lako ni yako."

"Na yakipita kwa mwalimu?"

"Na yeye ana sehemu yake. Mimi niko chini, sina wa kumpelekea."

Hatukuwa na jibu, wala mfanyabiashara hakuwa nalo. Mkuu wa umudugudu aliandika kitu kwenye daftari lake, na hapo tuliona uso wa mama mzee ukibadilika. Katika Kigali nyumba zilizo mahali pa hatari, palipopewa jina la amanegeka, huweza kuamriwa kuondolewa. Serikali ina sababu zake nzito: usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini yaliua watu zaidi ya 130. Lakini mama huyo amekaa hapo tangu kuolewa kwake, na kile alichokiogopa hakikuwa ukuta. Aliogopa kwamba daftari lingeandika "amanegeka" juu ya mahali ambapo, kwa maneno yake, pasingekuwa na hatari yoyote kama si mabati ya walio juu.

Twaamini kwamba alikuwa na haki, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Vitabu vya kumshauri mwenye nyumba juu ya dhoruba humwambia aimarishe paa lake, asafishe michirizi yake, akate bima yake. Yote ni kweli kwa nyumba iliyo peke yake katika uwanda. Katika mteremko, kila paa lililo bora huyafanya maji kuwa mepesi kukimbia, na kila ua uliosakafiwa kwa saruji huyaongezea mwendo. Sisi tulikuwa tumesifiwa kwa ua wetu msafi. Ukitaka kujua kama nyumba imehifadhika, usiitazame hiyo peke yake. Shuka utazame ya chini yake.

Yaliyofanyika baadaye yalikuwa ya kawaida kabisa. Mfanyabiashara alibadili vishikizo vya michirizi, akaviweka karibu zaidi, kila baada ya nusu mita, na akaongeza tangi la pili la maji. Sisi tulivunja sehemu ya saruji ya ua, tukapanda majani na kuchimba shimo la mawe ya kunywea maji. Kwa mama mzee ulijengwa msingi wa mawe ya mlimani kando ya ukuta, na upenu wa paa lake ukarefushwa ili maji yasirukie matofali. Kisha, katika siku za umuganda, ile Jumamosi ya mwisho ya mwezi ambayo wananchi wote hufanya kazi za pamoja, majirani walichimba mfereji kutoka nyumba ya juu hadi chini, ukienda kwa kukunjakunja ili maji yasipate kasi, mpaka kwenye ruhurura, yaani mfereji mkuu wa mtaa. Ruhurura za upande huu hushuka kuelekea Nyabugogo, ambako maji ya vilima vingi hukutana na mara nyingi hufurika, kisha huingia Nyabarongo, Akagera, Ziwa Viktoria na Nile. Twawaambia wanafunzi kwamba jiwe lililopiga bati la Nyamirambo laweza kuoga mtu wa Misri. Hucheka, lakini ramani hawaisahau.

Wakati wa kuyafanya haya yote ni icyi, yale majira ya kiangazi ya Juni hadi Agosti, ambapo mafundi wana nafasi na mbao ni kavu. Mwezi wa Septemba mvua za umuhindo zikianza, kila mtu huhitaji fundi siku moja. Siku yenyewe ya mawe, kazi ni chache: watu waingie ndani, wakae mbali na madirisha yaliyo upande wa upepo, gari liwekwe chini ya paa au lifunikwe blanketi nene, lakini asitoke mtu kwenda kulifunika mawe yakiisha kuanza. Radi nazo zisisahauliwe. Tarehe 10 Machi 2018 radi moja iliwaua waumini 16 kanisani katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa nchi, na tangu hapo majengo mengi ya umma yamesisitiziwa kuweka imirindankuba, ambalo ni neno la Kinyarwanda tulipendalo sana, kwa maana limeunganisha kulinda na radi bila kupoteza herufi nyingi. Mawe yakiisha, ngazi na koleo: barafu itolewe kwenye michirizi na kandokando ya kuta kabla haijayeyuka. Nusu saa ya kazi hiyo ina thamani kuliko wiki ya kupiga lipu.

Bima tutaigusia tu. Wakulima wa vilima vya Gasabo, ambao wamo ndani ya jiji ingawa wageni hawaamini, hupoteza maharage na migomba kwa mvua ya mawe. Majani ya migomba huchanwa yakawa kama utepe. Tangu mwaka 2019 kuna mpango wa taifa wa bima ya kilimo na mifugo ambao serikali huchangia asilimia 40 ya ada. Kwa nyumba, mwenye kukata bima asome kama neno lenyewe la mvua ya mawe limeandikwa katika mkataba au ni neno "dhoruba" tu, na aulize kabla ya kutia sahihi. Apige picha za paa lake likiwa zima. Mtu mmoja tunayemfahamu aliambiwa na kampuni yake kwamba mibonyeo yote ilikuwa ya zamani, naye hakuwa na namna ya kuonyesha vinginevyo.

Mfereji wetu umekwisha kupita misimu miwili ya mvua na mvua moja ya mawe iliyokuwa ya wastani. Ukuta wa mama mzee ulibaki mkavu, na daftari la umudugudu, kwa kadiri tujuavyo, halikuandikwa neno lile. Mita 11 za mwisho bado hazijajengewa mawe, kwa sababu zingepita penye shina la mwavokado wake, naye amekataa katakata mti usiguswe mizizi. Mfanyabiashara alipendekeza bomba. Mama mzee alisema bomba litazibwa na barafu kama ile michirizi, na fundi aliyekuja kupima akakubaliana naye. Mfereji utauzunguka mti. Umuganda ujao tutaanza kuchimba upande wa kushoto.